Kivuli cha Mtini

Jumapili, 3 Agosti

Wamefika! Areti kawaleta mwenyewe kutoka Athene, hata injini hakuzima. Kahawa nilikuwa nimeshaiteleka. "Asante, Bi Polixeni, kesho asubuhi nina zamu." Bi Polixeni! Miaka kumi alikuwa mkwe wangu, akala mezani kwangu kila Pasaka. Talaka ilikuwa ya mwanangu. Sikujua na mimi nimo.

Lakini wamefika. Somo yangu ana miaka kumi na mmoja, kimo chake kimeshanifika begani. Lambros ana sita, jino la mbele halipo. Yeye ana jina la marehemu mume wangu, dada yake ana jina langu. Ndivyo tufanyavyo huku, mjukuu humfufua mzee. Basi nikisimama mlangoni nikaita, "Polixeni! Lambros! Chakula!" mtaa mzima unasikia kwamba nyumba yangu haijafa. Mama yao anamwita msichana Kseni. Mimi simwiti hivyo. Jina zima lipo, la nini kulikata?

Masharti kayatoa dirishani mwa gari. Kofia. Maji. Kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na moja wasionekane juani. Simu kila jioni. Halafu akasema, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dawa zake: "Tuone wiki hii. Ikienda vizuri, Krismasi waje. Isipokwenda vizuri, utawaona Athene, nikiwepo mwenyewe."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Mtu mzima mimi, napimwa kama tikiti sokoni, nagongwagongwa nisikike kama nimeiva!

Jumatatu, 4 Agosti

Joto la kishetani. Redio inasema keshokutwa nyuzi arobaini na tatu. Kuku wamelala chali chini ya michungwa, wamefungua midomo.

Lambros anauliza kila kitu. Kwa nini choo kinakoroma, kwa nini babu yupo ukutani na hacheki, kwa nini sili jibini. Nikamwambia nimefunga kwa ajili ya Bikira Maria mpaka tarehe kumi na tano. "Akikuona unakula atakasirika?" Hatakasirika, nikasema, atahuzunika. Akafikiri. "Basi kula gizani." Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Mama yao kapiga jioni. Kauliza kofia. Kofia ipo. Kauliza maji. Maji yapo. Kwaheri.

Jumanne, 5 Agosti

Mwanangu Sotiris, baba yao, kapiga kutoka kisiwani. Anahudumia meza kwenye hoteli, Agosti hii hapati likizo hata ya kujikuna. Kaongea na watoto nusu saa, kawajaza vichwa: kuna Paliokastro hapo juu, mji wa kale, ukuta wake walijenga majitu yenye jicho moja, jiwe moja zito kuliko gari la bibi. Yeye alipokuwa mdogo aliupanda mpaka juu. "Kesho ni sikukuu ya jina langu. Bibi atawapeleka!"

Mwanangu ni hodari wa kuahidi, miguu ya kwenda ni yangu.

Lambros hakulala mchana. Kila dakika: majitu yalikufa wapi, yalikuwa na nyusi moja au mbili. Nimepanga hivi: asubuhi na mapema kanisani, padri akishabariki zabibu za sikukuu tu tunapanda pikapu, kabla ya saa sita tumerudi nyumbani. Areti hatakuwa na neno.

Jumatano, 6 Agosti

Wamelala wote wawili. Acha niandike yote, kichwani hayakai.

Kanisani tulikwenda. Zabibu tulipewa. Kisha ikawa kama kawaida ya siku ya jina la mtu — sikufikiri! Mwenye jina hata kama yupo Amerika, watu huja kumpongeza mama yake. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshakaa kibarazani, na keki mkononi. Utamfukuza nani? Mgeni wa siku ya jina hafukuzwi. Nikatoa kahawa, nikatoa jamu ya machungwa kwa vijiko, nikatoa maji baridi. Wakaondoka mmoja mmoja. Bi Stamata, jirani yangu, akabaki. Bi Stamata huwa anabaki.

Akamvuta Lambros magotini. "Macho gani haya! Bahari tupu! Huyu si mtoto, huyu picha!" Nikangoja ateme mate, fuu, fuu, fuu, kama mtu anavyofanya akisifu mtoto wa mwenzake ili kijicho kisishike. Hakutema! Midomo mikavu kabisa. Nikatema mimi, naye akanuna.

Tulipofika Paliokastro Pandelis mlinzi alikuwa na mnyororo mkononi, anafunga. Watalii wa mwisho wanashuka, nyuso nyekundu.

"Kumbara, siwezi. Amri imetoka juu. Joto likizidi tunafunga saa sita, hakuna mjadala."

Ananiita kumbara kwa sababu nilimsimamia bintiye ubatizo. Kwetu huo ni undugu, tena undugu wa kanisani, haukatiki. Nikamwambia, "Pandelis, nani alimshika mwanao padri alipomtoa majini?"

"Wewe."

"Basi mwambie wewe huyu mtoto arudi nyumbani bila kuona ukuta."

Lambros akamtazama. Na yale macho. Pandelis akaangalia barabara juu, akaangalia chini.

"Nusu saa, kumbara. Nafunga kwa nje, wasije wageni wengine wakadai na wao. Naenda kula, narudi nawafungulia. Nusu saa tu!"

Nilijiona mjanja! Hilo ndilo linaloniuma. Nilipita lile lango kifua mbele, kama malkia wa hao wa kale wenyewe. Saa sita ya Areti niliikumbuka, nikaisukuma kando. Nusu saa itamdhuru nani?

Mwanzoni ilikuwa furaha. Mji mzima wetu. Lambros anakimbia, anaingiza mkono kati ya mawe, anaita, "Jitu! Toka!" Somo yangu anasoma mabango kwa sauti, hapa alikaa mfalme, hapa ghala la mafuta. Mawe yanaunguza mpaka ndani ya kiatu. Chupa moja ya maji tunayo. Ya pili niliiacha kwenye pikapu, kwenye kikapu cha zabibu, pamoja na simu.

Nusu saa ikaisha. Tukashuka langoni. Hakuna mtu. Tukangoja. Nyenje wanapiga kelele, basi. Nikaita. Polixeni akaita mpaka sauti ikakwaruza. Uzio una miiba juu, na kijiji kiko chini bondeni, na kijiji kizima saa hiyo kimefunga madirisha kimelala. Na Pandelis kalala! Kala, kanywa mvinyo wake wa sikukuu, kajinyoosha "dakika tano tu". Namjua tangu ana kaptula, nilipaswa kujua.

Jua likawa utosini. Kivuli hakuna, ukuta wenyewe haukuwa na kivuli. Isipokuwa mti mmoja. Mtini, umeota kwenye ufa wa ukuta, majani mapana, chini yake kivuli cheusi, kikubwa kama shuka.

"Bibi, pale!" Somo yangu kashaanza kwenda.

Nikasema hapana.

Kila mtu huku anajua. Mtini una kivuli kizito. Ukilala chini yake unaamka kichwa kimevurugika, au huamki. Mama yangu alikuwa akitukuta hapo anatuvuta kwa sikio. Na Lambros macho yalikuwa yameshalegea, angekaa tu angelala. Nikasema tukae ukutani, hapa pana ubaridi kidogo. Hapakuwa na ubaridi. Palikuwa na ukanda wa kivuli wa kufunika kifundo cha mguu, na huo nao ukaondoka.

"Bibi, shuleni hawajatufundisha hivyo."

"Shuleni wanajua nini habari za mitini?"

Lambros alikwenda mwenyewe kwenye ule mti. Nikamrudisha. Akaenda tena, safari hii anayumba. Nikamrudisha tena, kwa mkono wangu huu. Hakulia hata. Akakaa juani kwa sababu bibi kasema.

Baadaye akatapika. Nikamwagia kitambaa changu maji yaliyobaki nikamfunga kichwani. Alikuwa mkavu, hana jasho, ngozi kama mkate uliotoka tanuri. Polixeni alisimama mbele yake amtie kivuli kwa mwili wake, amenyoosha mikono, hasemi na mimi.

Pandelis alikuja jua limeshaanza kuinama, alama za mto shavuni. Alipotuona akajipiga msalaba, akakimbia na ufunguo unamponyoka. Sikumtukana. Sikuwa na mate.

Nyumbani nikamlaza kwenye shuka mbichi, nikampa maji ya ndimu. Akayatapika. Kichwa kinamuuma, mwanga hautaki. Nikajiambia: huyu ni Stamata. Hasidi hana sababu. Nikachukua bakuli la maji, nikadondosha mafuta ya zeituni matone matatu. Tone likikaa zima, hakuna kitu. Yakatawanyika! Yote! Nikasoma maneno aliyonifundisha baba mkwe, nikapiga miayo mpaka machozi, miayo juu ya miayo, na hiyo ndiyo dalili kwamba kijicho kilikuwa kikubwa na sasa kinatoka. Nikampaka paji la uso. Akalala. Nikashukuru.

Simu ikalia. Areti. Nikaiacha ilie kidogo, nikamshika somo yangu bega.

"Mama yako akiuliza, tulitoka kabla hawajafunga."

"Kwa nini?"

"Ili Krismasi mje."

Akatazama sakafu. "Na mtini?"

"Mtini usiutaje kabisa."

Hakuulizwa. Niliongea mimi. Kofia ipo, maji yapo, Paliokastro tumeiona asubuhi, Lambros kachoka na mchezo kalala mapema. Areti akasema, "Vizuri, Bi Polixeni," kwa sauti laini, ya kwanza tangu Jumapili.

Nimemgusa sasa hivi. Bado ana moto. Amepungua kidogo, nadhani. Nadhani amepungua.

Alhamisi, 7 Agosti, asubuhi

Hajapungua.

Kafumbua macho akaniita mwalimu. "Mwalimu, nataka kwenda nje." Nikasema ni mimi, bibi. Akanitazama kama mtu wa barabarani. Hajakojoa tangu jana. Na mimi mpumbavu nimeamka nikaweka tena mafuta kwenye bakuli! Polixeni akasimama mlangoni na nguo za kulalia. "Bibi, acha hiyo. Mpeleke hospitali." Mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Pandelis kapiga, anauliza hali, kisha: "Kumbara, nakuomba, lile la lango lisitoke. Watanifukuza kazi." Nimekata simu.

Tunakwenda.

Alhamisi, 7 Agosti, hospitali

Niko kwenye benchi. Daftari lilikuwa mkobani, naandika nisipige kelele.

Njia nzima Polixeni alimpakata nduguye, anamwambia habari za majitu ili asilale. Lambros kichwa kinaning'inia. Hapa walimchukua mikononi mwangu bila kuniuliza jina. Barafu kwapani, sindano ya maji mkononi, mkono wenyewe mdogo, mshipa ulitafutwa mpaka nikageuza uso.

Daktari ni msichana, nywele kafunga kwa kalamu. Polixeni alikuwa kapelekwa na muuguzi akanywe kitu. Daktari akauliza: alikaa juani muda gani, alikunywa nini, alianza kutapika lini. "Nahitaji kweli, bibi, si ya kunifurahisha." Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu alikuwa nyuma ya pazia, anaongea ovyo.

Nikasema yote. Lango. Pandelis, Mungu anisamehe. Mchana wote. Mafuta na bakuli. Nikasema na mtini.

Akainua kichwa. "Kulikuwa na kivuli?"

"Kilikuwepo."

"Na hamkukaa."

"Ni mtini, binti yangu."

Kisha akasema bibi yake, kule Arkadia, naye alikuwa anawakataza hivyo hivyo. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Akasema homa imeanza kushuka, lakini figo bado hajui, anangoja majibu ya damu. Ingekuwa bora kama angeletwa jana jioni. Akalisema hilo akiangalia karatasi.

Ndipo nikampigia Areti. Nilimwambia tuko hospitali, Lambros ana homa, njoo. Zaidi ya hapo ulimi ulikataa. Nilisema moyoni, akifika nitamwambia ana kwa ana.

Kafika na sare za uwanja wa ndege, kiatu kimoja kimefunguka mkanda. Alimpita kila mtu akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka uso ulikuwa mweupe. Nikasimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, naapa, neno la kwanza lilikuwa tayari. Lakini hakunijia mimi. Alipiga magoti mbele ya Polixeni, akamshika mikono yote miwili.

"Kseni, niambie ukweli. Jana mlitoka kule saa ngapi?"

Somo yangu hakunitazama hata kidogo. Alimtazama mama yake machoni. "Kabla hawajafunga, mama. Mlinzi alikuwa bado anatoa watu. Bibi alikuwa na haraka, hata ukuta hatukuumaliza, Lambros akanuna. Tukarudi, tukafunga madirisha, tukala tikiti."

Tikiti! Hatukula tikiti. Madirisha, kununa, vyote kavitia yeye mwenyewe. Mimi nilimpa uongo mmoja mfupi, yeye kaushona, kauwekea vifungo. Nilisimama pale nikasikiliza, na neno langu la kwanza likarudi tumboni.

Areti akafumba macho. Kisha akainuka, akaja kwangu, akanishika mkono. "Nisamehe, Bi Polixeni. Njia nzima nilikuwa nakulaumu. Nilikuwa nimeshaapa hutawaona tena." Akainama, akafunga mkanda wa kiatu. "Basi ni kirusi. Watoto wanaokota virusi popote."

Nikasema, "Areti..."

Na daktari akatokea. "Mama wa Lambros? Karibu ndani, tuongee." Wakaingia. Mlango wakaufunga.

Sasa wamo humo. Daktari ana kila kitu nilichomwambia. Hana sababu ya kukificha, na mimi sikumwomba akifiche.

Polixeni amekuja kukaa nami. Amenisogelea mpaka magoti yamegusana. Ana mkate wa ufuta alionunuliwa na muuguzi, kaukata, nusu kanipa mimi.

"Umesikia, bibi? Hata sauti haikunitetemeka."

"Nimesikia."

"Mtini sikuutaja."

"Najua."

"Basi Krismasi tutakuja. Lambros akipona tutakuja, eh? Atakuja tu, ana maji ya sindano."

Anaitikisa miguu chini ya benchi. Tangu jana mchana hakuwa amenisemesha vizuri, na sasa kaniegemea. Anaona ameniokoa. Kwa mama yake alisema uongo kwa mara ya kwanza maishani, nadhani, na aliusema kwa ajili yangu, na mimi saa kadhaa kabla yake nilikuwa nimeshasema kweli kwa mtu mwingine. Hajui. Akitoka Areti, hatanitazama mimi kwanza. Atamtazama huyu.

Nimwambie. Nianzeje? Nikimwambia, ataona nilimsaliti. Nisipomwambia, atasikia kwa mama yake, hapa hapa kwenye korido, na mkate mdomoni.

Sauti ya Areti ndani ilikuwa inapanda. Sasa imenyamaza. Kiti kimeburutwa.

"Bibi, unaandika nini?"

Nimemwambia aweke mkate chini, anipe mkono wake.